Toleo la zamani si lazima liwe adimu

Wengi wanaoanza kukusanya vitabu vya Charles Dickens hudhani kwamba kadiri kitabu kilivyo kikongwe na maarufu, ndivyo kilivyo adimu. Sivyo. Riwaya yake ya Pickwick Papers ilianza kutoka kwa sehemu za kila mwezi mwaka 1836, na kufikia sehemu za mwisho, mwaka uliofuata, zilikuwa zinachapwa nakala 40,000 hivi. Nakala nyingi zimebaki hadi leo.

Vitu vya kusaka kwa tochi ni tamthilia zake za ujanani, ambazo wasomaji wengi hata hawajazisikia. The Village Coquettes, yenye muziki wa John Hullah, na The Strange Gentleman zilichezwa mwaka huohuo wa 1836 katika ukumbi wa St James's, London. Zilichapwa kama vijitabu vyembamba. Watu walivisoma, vikachakaa, vikatupwa; vingine vilishonwa pamoja na tamthilia nyingine, kingo zikakatwa na majalada yakapotea.

Hapa pana mtego. Miaka ya 1870, baada ya Dickens kufariki, zilitolewa chapa zilizonakili zile za awali, kwa hiyo tarehe pekee haitoshi. Ukishika The Strange Gentleman, tafuta kwanza picha ya mchoraji Phiz inayotazamana na ukurasa wa jina, kisha kagua karatasi yenyewe. Na tamthilia yake nyingine, The Lamplighter? Aliiandika 1838, lakini ilichapwa 1879, nakala 250 tu. Kwa tarehe ya kuchapwa, ni changa kuliko riwaya zake zote, na bado kuipata ni kazi.