Iodini na mimba: chumvi ya bahari peke yake haitoshi

Iodini, ambayo wengine huiita madini joto, huhitajika mwilini kwa kiasi kidogo mno: mikrogramu 150 kwa siku kwa mtu mzima. Kazi yake kubwa iko shingoni. Tezi ya thairoidi, iliyokaa chini ya koromeo, huichukua iodini kutoka kwenye damu na kutengenezea homoni mbili, T4 na T3. Tarakimu hizo ni idadi ya atomi za iodini zilizomo, kwa hiyo iodini ikikosekana, hakuna homoni. Homoni hizo ndizo zinazoongoza kasi ya mwili mzima, na kwa mtoto aliye tumboni ndizo zinazojenga ubongo.

Mwanamke akishika mimba, Shirika la Afya Duniani linapendekeza apate mikrogramu 250. Tezi yake inabidi itengeneze homoni kwa karibu nusu zaidi ya kawaida, figo nazo zinapoteza iodini nyingi zaidi kwenye mkojo, na mtoto anataka fungu lake. Mpaka wiki ya 12 hivi tezi ya mtoto haijaanza kazi, kwa hiyo homoni yote anayoitumia ni ya mama. Hapo wengi bado hawajakwenda kliniki, na wengine hawajajua kama wana mimba. Ndiyo maana suala hili ni la jikoni kabla ya kuwa la daktari.

Sasa, Lamu na Malindi utasikia: sisi watu wa pwani, iodini ya nini tena? Kwa upande wa samaki, hoja hiyo ina ukweli. Anayekula changu au tafi mara kwa mara, na maziwa na mayai, ana akiba nzuri. Kwa upande wa chumvi, si kweli hata kidogo. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi na iodini mikrogramu 60 tu. Hata kama yote ingebaki maji yakikauka, na haibaki yote, kijiko cha chai cha chumvi hiyo, gramu 5, hakingefikisha mikrogramu 10. Mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, kaskazini mwa Malindi, yanatoa chumvi ya bahari hasa, lakini iodini ya maana huongezwa kiwandani. Kenya imelazimisha jambo hilo kisheria tangu 1978.

Kwa hiyo chumvi ya mawe ya kukaushia ng'onda, yaani samaki wa kukausha, ibaki kwenye ng'onda. Ya chunguni iwe ya pakiti iliyoandikwa kuwa imetiwa iodini, ikae kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jua na mvuke wa jiko, na itiwe chakula kikikaribia kuiva. Aliyeambiwa apunguze chumvi kwa sababu ya presha apunguze kweli, ila hiyo kidogo iwe yenye iodini. Tembe za madini ya chuma na foliki zinazotolewa kliniki, kwa kawaida, hazina iodini ndani yake.

Muhogo nao husingiziwa sana. Una kemikali zinazoizuia tezi kuchukua iodini, lakini madhara huonekana zaidi pale iodini yenyewe inapokuwa haba. Uliolowekwa na kupikwa vizuri, pamoja na samaki, haunipi wasiwasi. Kinachonipa wasiwasi ni dawa za mwani zinazosifiwa mitandaoni, kwa sababu mwani huweza kuwa na iodini nyingi kupita kiasi, na tezi huharibikiwa kwa kuzidishiwa kama inavyoharibikiwa kwa kupungukiwa.

Upungufu ukidumu, tezi huvimba ikawa rovu. Kabla ya hapo dalili ni uchovu, kuhisi baridi, choo kigumu, na mja mzito gani hana uchovu? Kwa hiyo usibashiri. Mwenye rovu, au aliyewahi kuugua tezi, amwambie mkunga siku ya kwanza, apimwe damu kipimo cha TSH, homoni inayoiamrisha tezi ifanye kazi. Anayemeza levothairoksini, yaani dawa ya homoni ya tezi, asiiache. Mara nyingi dozi yake huongezwa mimba inapoanza, na aipishanishe kwa muda wa saa nne na tembe za madini ya chuma, maana zikikutana tumboni dawa haifyonzwi vizuri.