Papa, ampea 5 hazitafika getini

Juzi Katindo, hapa Goma, papa mmoja, mzee mwenye nyumba, alinipokea na adapta mpya mkononi: volti 12, ampea 5, kaitoa sokoni Birere asubuhi hiyohiyo. Ya zamani ilikuwa ya ampea 2. "Fundi, kamera ya geti inazimika usiku. Nimeleta yenye nguvu." Ni wa tatu mwezi huu na dawa ileile.

Ampea, yaani kipimo cha mkondo wa umeme, zilizoandikwa kwenye adapta ni kiasi inachoweza kutoa, si kiasi inachosukuma. Kamera yake huvuta ampea 0.3 mchana, na kama ampea 1 taa zake za infraredi za kuonea usiku zikiwaka. Ipe adapta ya ampea 50, itavuta hizohizo. Adapta kubwa husaidia pale tu ndogo inapozidiwa, na ya papa haikuzidiwa: kamera ikivuta kwa nguvu zote, mdomoni mwa adapta nilisoma volti 12.1.

Tatizo ni waya. Kutoka sebuleni hadi getini ni mita 20, juu ya ukuta wa mawe ya volkano, kwa ule waya mwembamba wa spika, milimita 0.5 za mraba. Mkondo unaenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 40. Kurudi ndiko watu wanakosahau. Shaba ya unene huo ina ukinzani wa omu 0.035 kwa mita, jumla omu 1.4. Ampea 1 ikipita, volti 1.4 zinaishia njiani. Nikaukwangua kwa kisu: chini ya wekundu, weupe. Aluminiamu iliyopakwa shaba! Hiyo hukinza zaidi ya shaba tupu: zidisha mara moja na nusu hivi, zaidi ya volti 2 zimepotea.

"Lakini nimepima mwenyewe mwisho wa waya, ni 12!"

Hapa ndipo ninapochoka. Alipima baada ya kuchomoa kamera. Waya usiopitisha mkondo haupotezi kitu, hata ungekuwa mwembamba kama unywele. Pima kamera ikiwa imechomekwa na inafanya kazi yake ngumu. Nilifunika jicho la kamera kwa kiganja, ikadhani ni usiku, vitaa vikawaka wekundu hafifu. Multimita, kile kipimo cha umeme, niliyoiweka mwisho wa waya ikateremka hadi volti 9.4, kamera ikazima, ikajiwasha, ikazima tena. Papa akanyamaza.

Hesabu yangu ilisema 9.9 au karibu. Nusu volti iliyobaki nadhani imeliwa na viungo viwili vya kusokota vilivyofungwa skochi, ndani vimeshakuwa vyeusi. Au kamera yenyewe: nyingi zikikosa volti huvuta mkondo zaidi, na mkondo huo unapoteza volti zaidi. Sikuvipima kimoja kimoja, mvua ilikuwa inakuja.

Wapo mafundi wanaoweka volti 15 ili kufidia. Usiku sawa. Mchana kamera inavuta kidogo, hasara inapungua, inapokea volti 14 na kitu, inaharibika, halafu mwenyewe anasema kamera za siku hizi ni feki.

Njia nzuri ni kufikisha umeme wa volti 220 getini kwa kebo ya kweli na kuweka adapta hapo, ndani ya boksi lisiloingiza maji. Papa hakutaka 220 ukutani, watoto wanapanda. Tukavuta waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, bila kiungo hata kimoja katikati. Kiganja juu ya jicho: 11.8, kwa adapta ileile ya ampea 2.