Baridi Haivumishi Upepo

Nimeletewa tena swali lile lile, safari hii na kijana aliyejifunza kuendesha ubao wa tanga pale Diani na ambaye sasa anasoma Uskoti: kesho kutakuwa na baridi kali, je, atarajie upepo mkali? Hapana. Imani hii hunikera zaidi kwa kuwa sisi wakazi wa Nairobi tuna ushahidi wa kuipinga kila Julai, mawingu yanapoufunika mji kutwa nzima, watu wakajikunyata ndani ya majaketi, na bendera zikalala kwenye milingoti.

Upepo huletwa na tofauti ya mgandamizo wa hewa. Kisiwa cha Tiree, magharibi mwa Uskoti, huvuma sana majira ya baridi kwa sababu mifumo ya mgandamizo mdogo hupita Atlantiki ikifuatana. Mgandamizo mkubwa ukitulia juu ya nchi, alfajiri nyasi huwa nyeupe kwa jalidi na bahari huwa shwari.

Linalopuuzwa ni tofauti ya joto kati ya hewa na maji. Mwezi Februari bahari ya huko huwa takriban nyuzi 8. Hewa ya nyuzi 3 ikipita juu yake hupashwa joto kutoka chini na kupanda, kisha hewa ya juu hushuka kujaza nafasi hiyo ikiwa bado na kasi yake, na hapo upepo hupiga kwa vishindo, hasa pembeni mwa mawingu ya manyunyu. Hewa ya nyuzi 12 juu ya maji hayo hayo hupozwa kutoka chini. Kasi hubaki huko juu angani bila kushuka hadi majini, na tanga halipati sehemu kubwa ya upepo ulioonyeshwa kwenye chati ya hali ya hewa.

Wengine hunijibu kwamba hewa baridi ni nzito. Ni kweli: hewa ya nyuzi 8 huizidi ile ya nyuzi 28 kwa uzito wa takriban asilimia 7. Hata hivyo, nguvu ya upepo hufuata mraba wa kasi, hivyo upepo wa kilomita 40 kwa saa ukifika 42 tu, nguvu imeongezeka kwa asilimia 10, na ukifika 56 imekaribia maradufu. Nina shaka kubwa kama kuna mkono unaoweza kuutambua uzito wa hewa katikati ya vishindo vya namna hiyo.

Aliyezoea kusi, ambao hushika upande mmoja kwa majuma, ajihadhari na jambo jingine. Hewa baridi inapoingia nyuma ya hewa vuguvugu, upepo wa kusini-magharibi unaweza kugeuka kuwa wa kaskazini-magharibi kwa dakika chache. Kwenye ufuo unaotazama kusini, upepo huo hutoka nchi kavu na kumsukuma mtu baharini, wakati vidole vimekufa ganzi na kulinyanyua tanga kumekuwa kazi ngumu. Kijana wangu atazame kwenye chati saa ya mgeuko huo, awe ametoka majini kabla yake, au ahamie ufuo unaotazama magharibi, ambako upepo huo huo utamrudisha nchi kavu.