Kimakonde Hakimchanganyi Mtoto

Newala, Tandahimba, hata Mtwara mjini, utawakuta wazazi walioacha kusema Kimakonde na watoto wao wakihofia watabaki nyuma shuleni. Wanafanya hivyo kwa mapenzi, ndiyo maana inauma.

Dhana: Lugha mbili humchanganya mtoto.

Ukweli: Mtoto huzitenga lugha mapema mno. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliofanyika Vancouver, Kanada, uliwapima watoto wachanga ambao mama zao walizungumza Kiingereza na Kitagalogi, lugha ya Ufilipino, wakati wa ujauzito. Walizitofautisha lugha hizo mbili. Na huku kwetu, msimu wa korosho, mtazame mtoto wa miaka minne uani. Bibi anamwagiza kwa Kimakonde aokote korosho zilizotoka nje ya turubai. Anaitikia kwa Kimakonde. Jirani aliyehamia kutoka Mwanza akipita na kumuuliza mama yuko wapi, anajibu kwa Kiswahili, mikono ikiendelea kuokota. Hakuna aliyemfundisha kubadilisha. Tayari anapima mbele yake amesimama nani na anaelewa nini, na huko ni kufikiri. Akichomeka neno la Kiswahili kwenye Kimakonde, hajapotea. Watu wazima nao hufanya hivyohivyo sokoni.

Dhana: Lugha ya nyumbani hudumaza akili.

Ukweli: Hofu hii ilipata nguvu kwa vipimo vya akili vya zamani. Mwaka 1923, mtafiti D. J. Saer aliripoti kwamba watoto wa Wales waliojua Kiwelisi na Kiingereza walipata alama za chini kuliko wenye lugha moja. Lakini tofauti hiyo ilikuwa vijijini, mjini haikuonekana. Mwaka 1962, watafiti Elizabeth Peal na Wallace Lambert walipima watoto wa miaka kumi huko Montreal, Kanada, wakalinganisha wenye hali sawa za kifamilia, na wenye lugha mbili ndio waliofanya vizuri zaidi. Kwetu mtoto husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akifika kidato cha kwanza masomo yanageuka Kiingereza. Anapokwama hapo, Kimakonde cha bibi ndicho kinacholaumiwa. Si haki.

Dhana: Basi mwenye lugha mbili ana akili kuliko wengine.

Ukweli: Hapa sisi wapenzi wa lugha huwa tunatia chumvi. Utafiti wa mwaka 2019 wa watoto zaidi ya 4,500 nchini Marekani haukuona kwamba wenye lugha mbili wanawazidi wenzao katika kudhibiti umakini.

Faida ninayoitetea ni ya namna nyingine. Katika hesabu ya asili ya Kimakonde, sita ni tano na moja, saba ni tano na mbili. Mtoto aliyehesabu hivyo na bibi yake, kisha akakuta shuleni sita na saba zina majina yake zenyewe, ameshaona kwamba idadi ileile hupangwa kwa njia zaidi ya moja, kabla mwalimu hajamfundisha kujumlisha.