Bustani ya wanyama ya Bronx, kuanzia baisani hadi chura wa Kihansi

Kazi yangu ni vyura, na kwa sababu hiyo watu hudhani nikiingia bustani ya wanyama nitanyooka hadi kwenye banda la nyoka na kuwapita wengine wote. Sivyo. Bustani ikiwa kongwe huwa naanza na majengo. Jengo hukwambia waliolijenga waliwaonaje wanyama, na mara nyingine waliwaonaje binadamu wenzao. Kwa somo hilo sijui mahali panapofundisha kuliko Bronx, jijini New York, kwa kuwa majengo mengi ya mwanzo hayakubomolewa. Yalibadilishiwa kazi tu.

Bustani ilifunguliwa tarehe 8 Novemba 1899 ikiwa na wanyama 843. Kwa bustani ya mjini ni kubwa mno, hekta 107 hivi, na Mto Bronx unapita ndani yake. Mwenye bustani alikuwa chama cha matajiri na wanasayansi kilichoundwa mwaka 1895, ambacho leo ndicho WCS (Wildlife Conservation Society), shirika la kuhifadhi wanyamapori, herufi ambazo watu wa Iringa, Mbeya na Ituri wameziona sana ubavuni mwa magari ya miradi ya hifadhi. Ndiyo, ni wao hao. Hata George Schaller, aliyewachunguza gorila wa Virunga kuanzia mwaka 1959 na baadaye simba wa Serengeti, alifanya kazi hizo akiungwa mkono na chama hicho.

Mkurugenzi wa kwanza, William Hornaday, alikuwa fundi wa kukausha ngozi za wanyama na kuzijaza zionekane kama hai. Mwaka 1886 alikwenda Montana kuwinda baisani, wale nyati wenye manyoya mazito wa Marekani, akawapiga risasi ili angalau jumba la makumbusho la Washington libaki na sanamu zao, maana aliamini wanakwisha. Makundi yaliyokuwa ya mamilioni yalikuwa yamemalizwa na wafanyabiashara wa ngozi pamoja na siasa ya kuwanyima Wahindi Wekundu chakula. Mtu huyohuyo akageuka mtetezi wao mkubwa. Mwaka 1905, ndani ya jengo la simba hapo Bronx, kikaundwa chama cha kuwaokoa baisani. Oktoba 1907 baisani 15 wa bustani wakapakiwa kwenye treni na kupelekwa hifadhi ya Wichita, Oklahoma, na Wakomanche, kabila la Wahindi Wekundu wa huko, wakatoka na familia zao kuwapokea. Kundi lililotokana na hao lipo huko hadi leo. Kumchukua mnyama wa bustani ya mjini na kumrudisha porini ni jambo tunalolizungumza leo kama teknolojia mpya, kumbe lilifanyika kwa treni, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza.

Laiti habari za Hornaday zingeishia hapo. Septemba 1906, mwaka mmoja tu kabla ya treni ile, bustani iliyokuwa chini yake ilimweka kijana wa Kikongo, Ota Benga, katika jengo la nyani, pamoja na orangutangi, watu waje kumtazama. Alikuwa ameletwa Marekani na Mmarekani Samuel Verner kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya St. Louis ya mwaka 1904. Watu walifurika. Waliopaza sauti mara moja walikuwa wachungaji weusi wa Kibaptisti wa jijini, wakiongozwa na James Gordon, na ni kelele zao zilizomtoa mle kabla mwezi haujaisha. Gordon akampokea kwenye kituo cha watoto yatima alichokisimamia Brooklyn. Baadaye Ota Benga alihamia Lynchburg, Virginia, akafanya kazi katika kiwanda cha tumbaku. Machi 1916 alijiua kwa risasi.

WCS iliomba radhi Julai 2020. Ilipita miaka 114. Sitaki kuliremba jambo hili kwa kusema "zama zilikuwa tofauti", kwa sababu wachungaji wale waliishi zama hizohizo na walijua kabisa walichokuwa wanakiona. Jengo la nyani bado lipo, zuri kwa nje, ila halionyeshi tena nyani.

Tuje kwenye wanyama, maana najua wengi ndio mnaowataka. Mwanzoni wanyama walipangwa kama vitu kabatini: paka wakubwa kwenye jengo lao, ndege kwenye lao, kila mmoja na nondo zake. Mwaka 1941 bustani ikafungua sehemu iliyoiita nyanda za Afrika, ambako simba na swala huonekana kana kwamba wamo kwenye mbuga moja. Kinachowatenga ni handaki ambalo mtazamaji halioni. Fikra hiyo ilitokea Hamburg, kwa Carl Hagenbeck, aliyefungua bustani ya namna hiyo mwaka 1907. Tangu hapo Bronx ilikwenda mbio: jengo la giza kwa popo na wanyama wengine wa usiku mwaka 1969, msitu wa Asia ndani ya ukumbi mkubwa mwaka 1985, na mwaka 1999 msitu wa Kongo wenye gorila, ambako mgeni alilipa kiingilio cha ziada na kuchagua mwenyewe fedha yake iende mradi gani wa Afrika ya Kati. Jengo la simba la mwaka 1903 sasa ni la wanyama wa Madagaska. Okapi, mnyama wa msituni wa jamii ya twiga, wa kwanza kufika Amerika Kaskazini alitua hapa mwaka 1937, akitokea Kongo, nchi pekee duniani wanakoishi porini. Na ukitaka burudani ya bure ya macho, simama kwenye bwawa la simba bahari wakati wa kulishwa. Watoto hawabanduki.

Tembo ni habari nyingine. Tembo jike wa Asia aitwaye Happy, aliyefika Bronx mwaka 1977, alifikishwa mahakamani, au tuseme watetezi wake ndio waliokwenda kwa jina lake, wakidai kwamba kiumbe mwenye akili kama yake ana haki ya kutozuiliwa. Mwaka 2006 Happy alikuwa ameonyesha kwamba akijiona kwenye kioo anajitambua. Juni 2022 mahakama ya juu ya jimbo la New York ilikataa kwa kura 5 dhidi ya 2. Kisheria nadhani majaji hawakuwa na njia nyingine. Ila tembo ni mnyama wa ukoo na wa mwendo mrefu, na sioni bustani ya mjini itakavyompa hayo mawili hata ikijenga vipi.

Chura mdogo ni kinyume chake, na hapa ndipo naomba mnivumilie.

Chura wa Kihansi, Nectophrynoides asperginis, aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la Mto Kihansi, ukingoni mwa milima ya Udzungwa. Ni wa rangi ya manjano iliyokolea, na mkubwa kabisa hafiki sentimita 3. Hatagi mayai majini. Jike huzaa watoto kamili, kila mmoja mdogo kuliko punje ya mchele. Makao yake yote duniani yalikuwa kama hekta 2 za majani yaliyoloweshwa usiku na mchana na manyunyu ya maporomoko. Wakati anagunduliwa, bwawa la kufua umeme wa megawati 180 lilikuwa tayari linajengwa mtoni, juu ya korongo hilo. Mwaka 2000 maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, korongo lilipoteza karibu asilimia 90 ya mtiririko wake, na manyunyu yakakatika.

Mwishoni mwa mwaka huo, kwa makubaliano na serikali ya Tanzania, vyura 499 walikusanywa na kupelekwa Bronx. Kwetu jambo hili limekuwa gumzo na mzaha wa miaka: eti tumeuza vyura Marekani. Hawakuuzwa. Walibaki mali ya Tanzania na wakalelewa kwa niaba yake.

Malezi yenyewe hayakuwa mepesi. Vyura waligawanywa katika bustani kadhaa na wengi wakafa, kwa minyoo ya mapafu, kwa magonjwa ya kuvu, kwa mifupa kulegea kama mtoto mwenye matege kwa sababu taa hazikutoa miale ya kutosha ya urujuanimno. Mwishowe ni bustani mbili tu zilizobaki nao, Bronx na Toledo ya Ohio. Walezi wakajifunza kusafisha maji kwa viwango vya maabara, kunyunyiza ukungu kwa saa maalumu, kubadilisha taa, na kuzalisha wadudu wadogo kiasi cha kuingia kwenye mdomo ambao huuoni vizuri bila miwani. Idadi ikapanda hadi maelfu.

Kule Kihansi kulifungwa mabomba ya kunyunyiza maji, na kwa muda vyura wakaongezeka, wakafika kama 20,000 katikati ya mwaka 2003. Kisha wakaporomoka ghafla ndani ya miezi michache. Kuvu wa kitridi, anayeua vyura duniani kote kwa kuharibu ngozi wanayopitishia maji na chumvi, alikutwa pale. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kuwa ametoweka porini. Dunia nzima ikabaki na wale waliokuwa ndani ya masanduku ya kioo Marekani.

Mwaka 2010 vyura 100 walisafirishwa kurudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako kituo cha kuwalea kilikuwa kimetayarishwa, na kuanzia mwaka 2012 wakaanza kuachiwa korongoni. Alikuwa amfibia wa kwanza kurudishwa porini baada ya kutangazwa kwamba ametoweka huko. Watu huniuliza kama basi kazi imekwisha. Haijaisha. Kuvu bado yupo katika mazingira yale, manyunyu bado yanategemea mabomba, na mabomba yanahitaji mtu wa kuyazibua na bajeti ya kumlipa. Kwa hiyo lazima kuwe na vyura wa akiba mahali pengine, na mpaka sasa sehemu ya akiba hiyo iko Bronx. Ukifika, waulizie kwenye jengo la nyoka, ambalo ni moja ya yale yaliyofunguliwa siku ile ya mwaka 1899. Sogea karibu sana na kioo, tazama chini ya majani mabichi, na usiwe na haraka, maana ukishamwona mmoja ndipo unagundua wapo kumi.