Kucheza mpira hakuharibu kizazi cha msichana
Hapa Mbeya, iwe Mwanjelwa au Uyole, bado utamsikia mzazi akimkataza binti kucheza mpira: “Utaharibu kizazi.” Si kweli. Mfuko wa uzazi umekaa ndani ya nyonga, umezungukwa na mifupa. Kukimbia na kuruka hakuutoi mahali pake. Mwenye viungo vya uzazi vilivyo nje ni mvulana, na yeye hakatazwi. Tena binti huyohuyo akipandisha mlima na debe la viazi kichwani, kizazi hakitajwi na mtu. Mwanasoka Alex Morgan wa Marekani alijifungua Mei 2020, na mwaka uliofuata akacheza Olimpiki ya Tokyo.

Kinachoweza kutokea ni hedhi kukatika, pale mchezaji anapofanya mazoezi makali huku anakula kidogo. Hapo ale vya kutosha, apumzike, na aende kituo cha afya.

Hofu yenyewe si ya hapa kwetu tu. Desemba 1921 chama cha soka cha Uingereza kiliwafungia wanawake viwanja vyake, kikisema mchezo hauwafai. Mwaka mmoja nyuma, mechi yao pale Goodison Park, Liverpool, ilivuta watazamaji wapatao 53,000. Marufuku ikadumu karibu miaka 50.