Fundi wa mtaani na opareta wa kiwandani: kazi mbili tofauti

"Kama unajua kushona gauni, kiwandani utaingia tu, kule mashine inafanya kila kitu." Kauli hii nimeisikia kwa wazazi, hata kwa mafundi wazoefu. Si kweli, na inawaumiza vijana wanaokwenda kuomba kazi kwenye viwanda vya nguo vya Athi River, karibu na Nairobi, wakiamini hawahitaji mafunzo.

Fundi wa mtaani hupima, hukata na kushona nguo nzima peke yake. Opareta, yaani mshonaji wa kiwandani, hukaa kwenye laini, safu ya washonaji wanaopokezana kazi; huenda akashona bega la fulana tu, kutwa nzima, kisha kipande kinasogea kwa mwenzake. Ujuzi wake ni kurudia mshono uleule bila kupinda, tena kwa kasi.

Na kasi yenyewe si mchezo. Cherehani ya kiwandani ya mshono wa kawaida inaweza kufikia mishono 5,000 kwa dakika. Aliyezoea cherehani ya miguu akiikanyaga mara ya kwanza, kitambaa humponyoka. Ndiyo maana mwanafunzi huanzia kwenye karatasi, bila uzi: anafuata mistari iliyochorwa na kugeuza kona, sindano ikiacha matundu. Unyayo ndio unaopima mwendo. Vidole husukuma, kisigino husimamisha. Goti la kulia hunyanyua kile chuma kidogo karibu na sindano kinachobana kitambaa, ili mikono isibanduke kwenye kazi. Hapo wengi hukwama, mafundi wa miaka 10 wakiwemo.

Overloki, cherehani ya kufunga kingo za kitambaa, huja baadaye. Ina kisu kinachopunguza ukingo huku ikishona, kwa hiyo ukikosea, kitambaa kimeshakatika.